Mioyo Minne, Sikio Hakuna

Jirani, sogea kidogo, nipe nafasi kwenye benchi. Sukari yako haitakimbia. Nisikilize kwanza, maana kwangu hakuna anayenisikiliza, na juzi hata mashine imejiunga nao.

Macho yangu ni mekundu, umeyaona. Usifikiri ni bia ya Simba. Pesa ya Simba naitoa wapi? Haya ni macho ya rubani. Ndiyo, mimi. Rubani wa Katuba, Lubumbashi. Usimalize kucheka sasa, kicheko utakihitaji mbele.

Unanijua vizuri. Ndege sijapanda hata siku moja. Uwanja wa ndege wa Luano nafika, lakini kusindikiza tu. Nabeba valizi ya shemeji mpaka mlangoni, mlinzi ananiuliza nasafiri kwenda wapi, namjibu siendi popote, ananitazama kama mtu aliyelijua jibu kabla ya kuuliza. Shemeji anapaa. Mimi narudi mjini nyuma ya pikipiki ya manseba, vumbi kwenye meno. Miaka hamsini na kitu nimeishi hivyo. Ndege zikipita juu ya Katuba natoka nje kuziangalia. Siku moja uliniona, ukacheka. Sijasahau.

Basi mtoto wa dada yangu, huyu anayesoma mambo ya ordinatere, akaniambia: "Tonto, juu ya nini unajisumbua? Ndege iko mu ordinatere. Utapanda bure."

Bure! Nimeshaingia hasara nyingi maishani, na zote zilianza na neno hilo.

Nikaenda kununua ordinatere ya kubeba, ya okazyo, zile zinazofika hapa zimeshachoshwa na vidole vya watu watatu. Muuzaji akaapa mbele yangu: "Papa, iyi iko na mioyo ine. Ine! Utazikwa nayo." Kwa Kifaransa zile sehemu za prosesa zinazopiga hesabu zinaitwa mioyo. Nikawaza: mimi ninao mmoja, na huo mmoja daktari akiusikiliza anakunja uso. Mashine inayo minne. Nikalipa bila kubishana. Bei mke wangu haijui mpaka leo. Na wewe huijui, jirani, hata ukinifinya.

Kijana akaniwekea Flight Simulator X ya Microsoft, ya mwaka 2006. Zipo mpya, ya 2020 na ya 2024, lakini hizo zinavuta ardhi ya dunia nzima kupitia intaneti. Mega zangu zingekwisha tukiwa bado tunafunga mkanda. Hii ya zamani inakaa ndani ya diski yake kimya, haikuombi kitu, na ina viwanja vya ndege zaidi ya 24,000. Nikatafuta Luano kwa jina lake la kirubani, FZQA. Imo! Mita 1,300 juu ya bahari, njia ya kurukia zaidi ya kilomita tatu, ncha moja imeandikwa 07, nyingine 25. Nikadhani ni namba za nyumba. Nikawa najiuliza nyumba ya 08 mpaka ya 24 zilibomolewa lini. Kumbe ni dira: nyuzi 70 upande huu, nyuzi 250 upande ule, sifuri ya mwisho wameitupa. Mtu mzima anatupaje sifuri?

Lakini Luano ya humo ndani, jirani, ni paradiso. Hakuna protokole wa kukunyang'anya valizi yako akupeleke kwa nguvu mahali ulipokuwa unakwenda. Hakuna anayetaka kuona karatasi ya chanjo. Hakuna Go Pass, ile ada ya uwanja anayotozwa abiria. Unakaa, unawasha injini, unaondoka na pajama yako.

Nikaruka wiki nzima. Nikawa mtu mwingine. Nikaanza kutembea polepole.

Halafu mtoto wangu wa mwisho akamwaga munkoyo juu ya klavie.

Vitufe vyote viko pale, vingi kama mahindi kwenye gunzi. Vyote vikapona. Kimoja tu kilikunywa mpaka kikafa: G. Na katika mchezo huu, jirani, G ndiyo inayokunja magurudumu ya ndege na kuyakunjua. Kwa hiyo nikapaa, magurudumu nje. Nikavuka Likasi, magurudumu nje. Nikafika Kolwezi miguu inaning'inia kama kuku anayepelekwa sokoni. Wako watakaosema kuna kishikio kwenye picha, unakibofya kwa suri, mambo kwisha. Najua. Nilionyeshwa na huyohuyo mmwaga munkoyo, ana miaka saba: "Papa, finya apa." Lakini hiyo ilikuwa mwezi wa tatu wa mateso. Wakati ule sikujua, na kijana msomi naye hakujua, au alijua akaona ni rahisi mno kwa elimu yake.

Akasema: "Tonto, ile G ishakufa. Tuipe mashini masikio, utakuwa unaiambia na mdomo."

Akaweka programu inayoitwa VoiceAttack. Kazi yake ni fupi: wewe unasema neno, yenyewe inabonyeza kitufe kwa niaba yako. Ile ya kujaribu bila kulipa inakupa amri 20 tu. Akaniomba radhi kwamba ni chache. Ishirini! Mimi nyumbani sina hata moja inayotiiwa.

Sikio lenyewe ni la Windows. Linajua Kiingereza, Kifaransa, Kihispania, Kijerumani, Kichina na Kijapani. Nikauliza, na Kiswahili? Akatikisa kichwa. Nikauliza, hata hiki chetu cha Lubumbashi, ambacho nusu ni Kifaransa? Akanionea huruma tu. Basi tukaenda na Kifaransa changu, kile cha shule ya msingi, kilichoingia kwa fimbo na kutoka kwa mapumziko.

Mashine inataka kwanza uisomee sentensi, izoee sauti yako. Nikaketi mezani na kaske kichwani, nasoma kwa sauti. Watoto wakajipanga mlangoni. "Mama, Papa anafanya dictée!" Mama akaja. Jirani wa kushoto akaja. Nikasoma mpaka mwisho, jasho linatiririka, mashine ikaniambia nirudie, haijanisikia vizuri.

Sasa sikia balaa la kwanza. Magurudumu ya ndege kwa Kifaransa ni "train". Breki ni "frein". Maneno yote mawili yanapitia puani. Na mimi, kiangazi cha Lubumbashi kikianza, ule mwezi wa sita wa baridi na vumbi, pua yangu inafunga duka mpaka mvua ya kwanza. Nasema "train", ndege inakanyaga breki. Niko katikati ya njia ya kurukia, mwendo umeshika, kwa kiherehere natamka mapema, "train!", na ndege inajikunja, inapiga pua chini, inaingia kwenye majani. Mara ya kwanza nilisema ni bahati mbaya. Mara ya tisa nikaanza kuona aibu mbele ya abiria, na abiria sina.

Tukabadilisha. Badala ya neno moja tukaweka maneno mengi, "rentrez le train", "sortez le train", mashine ipate kitu cha kushika. Ikasaidia. Kwa siku moja. Halafu nikarudi kwenye "train" tupu, maana ndege ikishuka kwa kasi nani ana muda wa kuunda sentensi?

Balaa la pili ndilo lililoninyonya. Kuchelewa. Nasema "train". Kimya. Nahesabu moja, mbili, tatu. Nakuna sikio. Nne, tano. Namwangalia kijana. Sita. Kwenye saba magurudumu yanashtuka kama mlinzi aliyeitwa usingizini. Na mimi uvumilivu sina, kwa hiyo kwenye nne nimeshasema tena. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba G ni mlango unaozunguka: ukibonyeza inatoa, ukibonyeza tena inarudisha. Maneno yangu yote mawili yalifika, yamechelewa lakini yamefika, la kwanza likatoa magurudumu, la pili likayarudisha. Nimefokea mashine mara mbili, matokeo sifuri. Kama kulea watoto tu.

Kijana akasema shida ni prosesa. Nikamjibu haiwezekani, nina mioyo minne, nimelipia minne. Akanipeleka kwenye mlango mmoja wa Windows unaoitwa Gestionnaire des tâches. Umewahi kuingia jikoni kwenye matanga? Mama mmoja anakoroga bukari, anaonja mboga, anawafukuza watoto, anapokea wageni, na wengine watatu wamekaa wanamenya kitunguu kimoja. Ndivyo ilivyokuwa humo. Hii simulatere ilitungwa enzi ambazo mashine nyingi zilikuwa na moyo mmoja. Baadaye, mwaka 2007, waliitengenezea kiraka cha kuifundisha kugawa kazi kidogo, hasa ile ya kuchora ardhi. Lakini mzigo mkubwa bado unamkalia mmoja. Na sikio linapotaka kunisikiliza, linakuta mlangoni kuna foleni. Maneno yangu yanasubiri nje kama mtu wa kuomba saini.

Nikaona kuna kitu kinaitwa "priorité". Ngazi sita. Ya chini kabisa ni Basse, ya juu kabisa ni Temps réel. Kijana alikuwa ametoka kununua mega. Nikajiambia, mwanaume mzima atakaa ngazi ya katikati mpaka lini? Nikaipandisha ndege mpaka Temps réel. Mashine ikaniuliza kama nina hakika. Jirani, mashine ikikuuliza kama una hakika, wewe huna.

Suri ikaganda. Klavie ikafa. Sikio likazima. Ndege peke yake ikaendelea kuruka, laini, nzuri, sijawahi kuiona nzuri vile, inaelekea moja kwa moja mlimani, na mimi nimeishika meza. "Train! Frein! Volets! Mungu wangu!" Nikang'oa waya wa umeme ukutani. Ina batri. Ikaendelea. Kumbe Temps réel maana yake ndege inapita mbele ya watu wote ndani ya mashine, hata mbele ya wale wanaosoma vidole vyako. Kijana alipoingia alikuta nimeifunika kwa shuka.

Akanirekebisha kama unavyomrekebisha mtoto. Ndege ibaki Normale. Anayepandishwa ngazi ni msikilizaji, tena ngazi moja tu. Halafu akafungua faili moja la maandishi la simulatere, akaniambia humo unaongeza mstari unaoitwa AffinityMask, alama ya sawasawa, na namba. Namba hiyo inasema ndege iruhusiwe mioyo ipi. Simu yake ikalia. Akatoka nje kuongea. Alikuwa msichana, kwa hiyo akaongea.

Nikabaki peke yangu na mstari. Mioyo minne. Nikaandika 4. Wewe ungeandika ngapi?

Ardhi ikakataa kuja. Chini yangu hakukuwa na Katanga, kulikuwa na bukari isiyosongwa. Ndege inasogea, inasimama, inasogea, kama gari la maiti kwenye mashimo. Kwa sababu ile mioyo, jirani, kila mmoja ana thamani yake kama noti. Wa kwanza ni 1. Wa pili ni 2. Wa tatu ni 4. Wa nne ni 8. Nilipoandika 4 nilimpa rubani moyo wa tatu peke yake, hiyo mingine mitatu ikakaa inapiga soga. Tena wao wenyewe hawasemi wa kwanza. Wanaanza kuhesabu kwenye sifuri. Sifuri walizotupa Luano, huku ndiko walikozileta.

Nikachukua vifuniko vya chupa, nikapiga hesabu mezani kama fundi wa cherehani. Moja na mbili na nne na nane, 15. Hiyo ni yote. Toa kifuniko cha kwanza, umwachie msikilizaji, inabaki 14. Nikaandika 14. Niliona fahari, jirani. Nilimwita mke wangu aje aone 14. Akaja, akaiona, akarudi jikoni.

Ndege ikatulia. Ardhi ikarudi. Nikasema "train". Moja, mbili, tatu, nne. Nafuu, lakini bado nne. Kijana akarudi kutoka kwenye mapenzi, akachungulia kioo, akacheka mpaka akakaa chini.

"Tonto, nani alikuambia iko na mioyo ine? Iko na mibili tu. Kila moja inajifanyaka mibili."

Nikamwomba arudie. Akarudia. Prosesa yangu ina mioyo miwili ya kweli. Lakini wenye kuitengeneza wameupa kila moyo ujanja wa kushika kazi mbili kwa pamoja, ili pengo la kazi moja lijazwe na nyingine. Windows ikichungulia inaona visanduku vinne, muuzaji anaona vinne, na mimi nalipa vinne. Sanduku la kwanza na la pili ni kifua kimoja. Kwa hiyo 14 yangu tukufu ilikuwa imemwachia msikilizaji nusu ya moyo, na ile nusu ya pili ndege ilikuwa imeikalia kitako.

"Andika 12," akasema. Nne na nane. Moyo mmoja mzima kwa ndege, pamoja na pacha wake, na moyo mzima kwa sikio na wengine wote. Milima ya mbali ikawa inachelewa kuvaa nguo. Nikisogea karibu ndiyo inakumbuka kwamba ina miti. Lakini nikasema "train", na sijafunga mdomo, magurudumu yakaitika.

Nilikaa kimya, jirani. Ni mara ya kwanza katika nyumba ile nasema kitu kikafanyika. Usiku nikalala nawaza: kumbe kelele hazikuwa na kazi. Ili mimi nisikike, ilibidi ndege ipunguziwe. Asubuhi nikajaribu kumweleza mke wangu. Nikamwambia katika nyumba hii kila mtu amekalia moyo wa kwanza, redio, watoto, mama mkwe, sasa tutenge moyo mmoja uwe wa kunisikiliza mimi tu. Akanisikiliza mpaka mwisho, nikaanza kupata matumaini. "Papa," akasema, "leta kwanza franga za makala."

Sasa sikio likawa zima. Likapita kiasi. Jioni moja niko juu ya mawingu, natulia, mara magurudumu yanashuka yenyewe. Nayakunja. Yanashuka tena. Nikasikiliza nje. Muuza mikate anapita barabarani na beseni kichwani: "Pain! Pain! Pain!" Pain, train. Anakotoka yeye na mafua yake sijui, lakini mashine ilimwelewa kuliko inavyonielewa mimi. Akipita mara mbili kwa siku, ndege yangu inatoa miguu mara mbili kwa siku, kumsalimia.

Hiyo ilikuwa afadhali. Usiku wa Jumamosi mtu aliingia uani kwa mwenzetu kuchukua kuku. Mtaa mzima ukaamka. "Mwivi! Voleur! Voleur!" Na yale mabawa madogo ya ukingo wa nyuma wa bawa, yanayoshushwa wakati wa kutua ili ndege ipunguze mwendo, kwa Kifaransa yanaitwa "volets". Voleur, hatua ya kwanza. Voleur, hatua ya pili. Kila wakipiga kelele mabawa yanashuka daraja moja. Ndege ikainua tumbo, ikapoteza mwendo, ikaanza kuyumba. Nikasimama napiga meza, "Funga! Funga! Rudisha yote!" Wenye fimbo wakasikia mtu anasema rudisha yote. Wakaingia kwangu. Wakanikuta na pajama, na kaske, nalia na kioo. Mmoja akauliza: "Huyu njo mwivi?" Mke wangu, jirani, alikawia kujibu. Nadhani alikuwa anafikiria pesa za makaa, zile zinazogeukaga mega. Kifaransa nacho kina dharau yake: kuruka na kuiba ni neno moja.

Kijana akafunga hilo pengo kwa dakika tano. Programu ina kiwango cha uhakika. Unaipandishia, mashine isipokuwa na hakika ya kutosha na ilichosikia inanyamaza. Ningependa shemeji yangu awekewe. Halafu akachagua kitufe kimoja cha kushikilia: nikikibonyeza sikio linafunguka, nikiachia linafungwa. Nikamuuliza, kama nabonyeza kitufe ili niseme neno, ili neno libonyeze kitufe, si tungenunua klavie mpya tu? Akasema klavie mpya ni dola 15. Tukanyamaza wote wawili.

Kilichobaki ni umeme, na hapo ndipo nilipozikwa.

Unajua mwaka 1982 yalitokea mambo mawili? Microsoft walitoa simulatere yao ya kwanza kabisa. Na sisi tulipata ule waya kutoka Inga, kwenye maporomoko ya mto Kongo, mpaka Kolwezi, kilomita 1,700 hivi, unapita juu ya vijiji bila kuwashia hata taa moja, unakuja kulisha migodi. Vitu vyote viwili vililetwa duniani mwaka mmoja, na mimi ndiye niliyeamua kuvikutanisha mezani kwangu Katuba.

Windows ina mpango wa nguvu. Ule wa kawaida unamruhusu prosesa asinzie mpaka asilimia 5 akiona hakuna kazi, kisha aamke mpaka 100. Kijana akasema usingizi huo unalichelewesha sikio: unasema neno, yeye ndiyo kwanza anafikicha macho. Nikapandisha chini iwe 100 na juu iwe 100. Asilale. Hakulala. Feni yake ikalia kama kinu cha unga. Nilikuwa nimeipakata magotini. Nikuonyeshe paja? Basi. Hata chapa ya kiwanda inasomeka.

Kijana akashusha kile kilele kutoka 100 mpaka 99. Nikacheka. Asilimia moja ya nini, kama sadaka? Kumbe moja hiyo ndiyo inayofungia prosesa zile mbio za ziada anazojipa mwenyewe, na mbio hizo ndizo zinazopika. Joto likashuka. Paja likapumua. Akaniambia, ukurasa ule una safu mbili, moja ya mashine ikiwa kwenye umeme na nyingine ikiwa kwenye batri, usisahau kujaza zote. Nikamwambia nimesikia.

Nilijaza moja. Ile ya umeme. Ya batri niliona ni kumpa mkosi nafasi.

Juzi usiku ndiyo ilikuwa safari yenyewe. Ndjili mpaka Luano, kutoka Kinshasa mpaka nyumbani, saa mbili na ushei. Nimemwita kijana ashuhudie. Mke wangu amekuja na kiti chake, hakuitwa. Watoto wamekaa chini. Hata yule wa fimbo aliyeuliza kama mimi ndiye mwivi amekuja, anakula karanga zangu. Nikapaa, "train", magurudumu ndani, papo hapo. Watu wakasema "eh!" Nikavuka Kasai. Nikavuka Kolwezi. Kila nikisema mashine inatii. Mke wangu aliniangalia kwa jicho ambalo sijaliona tangu mwaka tuliooana.

Nikaanza kushuka Luano, njia ya 07. Taa za uwanja zikaonekana mbele, mistari miwili, kama shanga. Koo likanikauka.

Taa za Katuba zikazimika.

Delestaji. Giza tupu, kioo tu ndicho kinang'aa. Yule wa karanga akasema pole. Nikasema hapana shida, ina batri. Nikajivunia hata. Nikabonyeza kitufe cha kusemea. "Train."

Kimya.

Prosesa alikuwa amehamia safu ya pili, ile niliyoiacha kama nilivyoikuta, ya kubana matumizi. Alikuwa ameshajifunika shuka. Uwanja unakuja. Nikahesabu mpaka tatu. "Train!" Uwanja umefika. Sikumbuki kubonyeza, sikumbuki kusema, lakini wanasema nilisema tena, kwa sauti ya mtu anayemwita mama yake: "Train..."

Magurudumu yakatoka. La kwanza limefika! Watu wakapiga makofi. La pili nalo likafika, yakarudi ndani. Ndege ikatua Luano kwa tumbo. Adhabu ya kuharibika nilikuwa nimeizima tangu siku ya kwanza, kwa sababu najijua, kwa hiyo haikulipuka. Ikateleza tu, kilomita nzima, cheche, kelele, mpaka ikasimama katikati ya njia, imelala kama mamba. Hakuna aliyesema kitu. Karanga zilisimama mdomoni.

Ndipo neno langu la tatu likafika. Magurudumu yakafunguka chini ya tumbo, taratibu, na ndege ikainuka yote, kwanza nyuma, halafu mbele, kama mbuzi anayeamka asubuhi.

Kijana akanishika bega gizani.

"Unaona, Tonto? Inasikiyaka."